Niliyojifunza Buyenzi Baada ya Shemeji Kuchukuliwa

Magazeti ya nje yalipoandika habari za Bujumbura, Burundi, ya mwaka 2015, mitaa iliyotajwa ilikuwa Musaga, Nyakabiga, Ngagara, Cibitoke na Mutakura, kwa sababu huko ndiko vijana walikochoma matairi na kuweka vizuizi barabarani kuanzia tarehe 26 Aprili, siku moja baada ya chama tawala cha CNDD-FDD kumteua Rais Pierre Nkurunziza kuwania muhula wa tatu, muhula ambao wapinzani wake walisema unavunja Mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000. Buyenzi, mtaa niliozaliwa, haukutajwa sana. Tangu enzi za Wabelgiji umehesabiwa kuwa mtaa wa Waswahili: barabara zake zina namba badala ya majina, misikiti yake iko karibu karibu, Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani hata kwa wajukuu wa watu waliotoka Rumonge, Uvira na Ujiji, na kutwa nzima husikika nyundo za mafundi wa magari. Soko la Ruvumera, ambalo lilipokea wafanyabiashara wengi baada ya soko kuu la mjini kuteketea Januari 2013, lilifunguliwa karibu kila siku, nami niliendelea kuuza vitenge vyangu. Tulijiona wenye bahati.

Wazee waliokumbuka Machi 1995, pale Buyenzi na Bwiza ziliposhambuliwa na wakazi wakakimbilia Zaire kwa maelfu, walikuwa wamejifunza hatari ya aina nyingine. Wakati ule mtu aliwindwa kwa kabila lake, na mtaa ulifunga virago kwa pamoja. Safari hii hakuna aliyetuambia tuhame. Mtu mmoja aliulizwa kwa jina lake, akachukuliwa, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta akaamka kesho yake akafungua duka. Hofu ya namna hii humtenga kila mtu peke yake, kwa kuwa kila mmoja hujiuliza aliyechukuliwa alifanya nini ambacho yeye hakufanya, na akishapata jibu hujifariji nalo, na faraja hiyo ndiyo inayomfanya aache kumwulizia mwenzake. Nimeishi na jambo hili kwa miaka mingi sasa, na naamini kwamba watekaji wanalifahamu vizuri kuliko sisi tunavyolifahamu.

Tulianza kupofushwa kabla ya kuanza kuchukuliwa. Tarehe 13 Mei 2015, Rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumpindua, na katika mapigano yaliyofuata redio za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na kunyamazishwa. Mapinduzi yalishindwa, lakini redio hizo zilikaa kimya kwa miezi mingi. Aliyezoea kuamka na taarifa ya habari kwa Kirundi au Kiswahili aliamka na mivumo ya mtambo usio na sauti, kisha akatoka kwenda kumwuliza muuza mkate. Habari zikahamia kwenye simu, kwa sauti zilizorekodiwa na kupitishwa kutoka mtu hadi mtu, na polisi nao wakajifunza kuzitafuta humo humo. Watoto wetu walijua kufuta simu kabla ya kutoka nyumbani kama wanavyojua kunawa mikono. Nilimkataza binti yangu kuandika jina la mtaa wowote penye mlio wa risasi, na yeye akanikataza kuhifadhi picha yoyote ya maiti, hata ile ambayo ingeweza kumsaidia mama fulani kumtambua mwanawe.

Kila nyumba ilitakiwa kuwa na daftari lenye majina ya wote wanaolala humo, na daftari hilo lilikaguliwa wakati wa misako ya alfajiri. Mgeni asiyeandikwa alikuwa hatari kwake mwenyewe na kwa mwenyeji. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani usalama ukipotea kinachopotea kwanza ni biashara. Kwetu ulipotea ukarimu. Buyenzi ni mtaa ambao msafiri aliyeshuka kwenye gari usiku alikuwa na haki ya kugonga mlango wa mtu wa kwao na kupewa mkeka. Sasa mtoto wa shangazi yangu alitoka Rumonge kuja kutibiwa, nasi tukampa chakula, tukampa dawa, tukamwomba aondoke kabla jua halijazama. Aliondoka bila kulalamika. Alielewa, na kuelewa kwake kuliniumiza zaidi kuliko ambavyo lawama zingeniumiza.

Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Desemba 2015 dhidi ya kambi za jeshi, mji uliamka na maiti zimelala barabarani huko Nyakabiga, Musaga na kwingineko, na dunia ikaziona picha. Tangu hapo, nionavyo mimi, maiti zilipungua barabarani na watu wakaongezeka katika kutoweka. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alichukuliwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata.

Alikuwa fundi wa injini za dizeli, mwenye gereji ndogo ya mabati na vijana wanne waliojifunza kazi kwake. Hakuwa mwanachama wa chama chochote. Alitengeneza magari ya yeyote aliyeweza kulipa, na miongoni mwa wateja wake alikuwamo mtu wa upinzani aliyekwisha kuvuka mpaka akaacha gari lake gereji. Hiyo ndiyo sababu pekee tuliyowahi kuipata, na sina hakika kwamba ndiyo yenyewe. Ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri, boneti ya gari ikiwa wazi na mikono yake ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Pikapu nyeupe isiyo na namba, yenye vioo vya giza, ilisimama upande wa pili wa barabara. Wakashuka watu watatu, mmoja amevaa suruali ya sare na shati la kiraia, nao wakamwita kwa jina la utani ambalo lilitumika nyumbani tu. Aliitika. Kijana wake mmoja anasimulia kwamba aliomba anawe mikono, na kwamba mmoja wa wale watu alimmiminia maji ya chupa, taratibu kabisa, akasubiri amalize, ndipo akamsukumiza ndani ya gari.

Barabara nzima iliona. Muuza sambusa aliona, watu waliokuwa wakitoka msikitini waliona, mimi mwenyewe nilikuwa sokoni, na kabla sijafika tayari watu walikuwa wamejifunza kutokuona. Siwalaumu. Yule aliyewapa watekaji lile jina la nyumbani, aliyewaonyesha kwamba ndilo litakalomfanya aitike, huenda alikuwa palepale akitazama.

Jioni ile familia iligawanyika. Wazee wa upande wa shemeji walisema tukae kimya, kwamba tukipiga kelele watammaliza, na kwamba mtu mzima mwenye busara angetafuta mtu anayemjua mtu. Dada na mimi tulitaka jina lake litajwe usiku uleule, kwa watetezi wa haki za binadamu waliokuwa bado wanapatikana na kwa vyombo vya habari vilivyokuwa uhamishoni. Wazee walishinda kwa siku kadhaa za mwanzo, na hizo ndizo siku zenye thamani. Nimezungumza baadaye na watu waliorudi, nao wanakubaliana katika jambo moja: mwanzoni mtu hushikiliwa mahali ambapo walinzi wengi wanapita, anapelekwa huku na huku, hajaandikwa popote, na aliyemshika bado hajaamua. Simu moja ya kuuliza kutoka ubalozini au kutoka shirika la kimataifa, ikija wakati huo, inaweza kumfanya mtu aandikwe kwenye kitabu cha mahabusu, na mwenye jina kitabuni ni vigumu zaidi kumfuta. Haikuwa hivyo kwa wote. Marie-Claudette Kwizera, mweka hazina wa shirika la haki za binadamu la Ligue Iteka, alichukuliwa tarehe 10 Desemba 2015, wenzake wakalitangaza jina lake duniani, na hakurudi. Lakini katika wale ninaowajua mimi waliorudi, hakuna hata mmoja ambaye ndugu zake walikaa kimya.

Nchini kwetu mahabusu hulishwa na ndugu zake. Kwa hiyo njia ya kumtafuta mtu ni kupika. Dada alipika ugali na ndagala, yaani dagaa wa ziwani, akaweka kwenye hotipoti ya kijani, akaenda kituo kimoja baada ya kingine akitaja jina la mumewe na kusogeza chakula dirishani. Kikirudishwa, hayupo. Kikipokelewa, yupo. Kituo cha kwanza kilirudisha, cha pili kilirudisha, na cha tatu mlinzi alitazama huku na huku, akapokea, akasema, "Mama, kesho uje mapema kidogo." Dada alirudi nyumbani akikimbia. Kesho yake hotipoti ilitoka tupu imefutwa vizuri, akaweka nyingine. Alianza kutia pilipili kwa kiasi anachokipenda mumewe, akanunua samaki wa mukeke siku ya Ijumaa, akaficha kikaratasi chini ya ugali ambacho hakikupata jibu. Tulimshukuru Mungu. Wazee walisema, mnaona, kimya kimefaa.

Kisha akatoka kijana mmoja wa Bwiza aliyekuwa amefungwa katika kituo kilekile kwa wizi wa simu, akaja kwetu kwa hiari yake, kwa sababu alikuwa akisikia jina la shemeji likitajwa dirishani kila asubuhi. Alituambia kwamba mle ndani hakuwamo mtu wa jina hilo wala wa umbo hilo, na kwamba chakula kilikuwa kinaliwa na walinzi. Sijaona ukatili wa namna ile, ingawa nimeona damu. Mlinzi yule hakumteka shemeji. Alikuwa na njaa, mshahara ulichelewa, na mbele yake alisimama mwanamke mwenye ndagala. Lakini wakati sisi tukiamini kwamba yupo, hatukumtafuta mahali pengine.

Baada ya hapo ndipo simu zilipoanza. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, ambao Baraza la Haki za Binadamu liliwaunda Septemba 2016, walieleza katika taarifa zao kwamba familia za waliokamatwa na waliotoweka zilidaiwa fedha ili ndugu zao waachiwe, na serikali ilizikataa taarifa hizo kila mara. Mimi naweza kueleza biashara hiyo inavyoendeshwa. Mpigaji huja jioni, wakati benki zimefungwa na mwanamke yuko peke yake na watoto. Hadai fedha nyingi mara ya kwanza, anaomba vocha, kisha nauli ya kwenda kumwona, kisha dawa kwa kuwa "hali yake si nzuri." Akiona unalipa, ndipo anapotaja mkubwa ambaye lazima apozwe, na kiasi kinaruka kutoka maelfu ya faranga hadi mamilioni. Anajua kulia. Anajua kukaa kimya wakati wewe unalia. Humkataza mwanamke kuwaambia shemeji zake, na hapo ndipo kila mtu ndani ya familia hujikuta na dalali wake wa siri, kila mmoja akilipa kwa kujificha.

Mama mkwe wa dada, bibi asiyejua kusoma, ndiye aliyepata njia ya kumpima. Alisema: mwulizeni mwanangu alianguka kutoka mti gani akavunjika mkono. Shemeji alikulia Rumonge, na alianguka kutoka mchikichi alipopanda kukata ngazi, yaani mashada ya chikichi, akiwa mdogo, jambo ambalo lilijulikana na watu wachache. Dalali aliomba siku moja. Alipopiga tena alisema, "Anasema ni mwembe." Bibi alirudisha simu, akaenda kutawadha, na tangu siku ile hakutoa senti. Dada alilipa. Nilimkalisha chini nikamweleza kwamba mtu huyu hajawahi kumwona mumewe, naye akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Kama wamempiga kichwani, atakumbukaje mti?" Aliuza cherehani, akauza kiwanja cha Kinama, na mimi nilimpa faida ya vitenge nikijua inakokwenda. Watu walio mbali humwona mjinga anayelipa. Hawajui kwamba aliyelipa analala saa mbili tatu usiku ule, na kwamba kukataa kulipa kunamlazimu kuwa yeye ndiye aliyeamua kwamba mumewe amekufa.

Hili la kuamua halikuishia kwa madalali. Sheikh wa msikiti wetu, mtu mwenye huruma, alieleza kwamba aliyepotea habari zake huitwa mafkudi, kwamba kwa madhehebu ya Kimaliki mke husubiri miaka minne kisha akakaa eda, na kwamba sisi wa madhehebu ya Kishafi twataka yakini ya kifo au hukumu ya kadhi. Dada hakukaa eda. Hakusomewa hitima mtu wake. Tulisoma dua tu, tukawa tunabishana kimoyomoyo kama tumwombee kurudi au tumwombee rehema. Ofisi moja ilimtaka alete hati ya kifo ili kodi ya gereji ihamishiwe kwa jina lake, na ofisi nyingine ikamwambia haiwezi kutoa hati ya kifo bila maiti wala shahidi. Majirani nao walipata shida ya kweli, kwa sababu hawakujua wampe pole ya aina gani, na wengi waliona afadhali kupita barabara nyingine.

Mwandishi Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu alipotoweka tarehe 22 Julai 2016 huko Bugarama, wenzake waliingia wenyewe mkoani Muramvya kumtafuta, na miili miwili ikapatikana katika mto Mubarazi, lakini haikuthibitishwa kuwa ni yake. Tuliisikiliza habari ile tukiwa tumekaa kimya chumbani, na dada akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba wale waandishi wamefanya kazi ambayo sisi tuliikwepa, kwani wameandika saa, mahali, mashahidi, na kila mlango walioubisha. Siku iliyofuata alinunua daftari la shule. Aliandika nguo alizovaa mumewe, kovu la mkono, rangi ya pikapu, suruali ya sare, tarehe ya kila simu na namba iliyopiga, fedha zilizotumwa na aliyezipokea. Alimwita yule kijana wa gereji akamwandikisha aliyoyaona, kabla kijana huyo hajavuka kwenda Uvira. Nakala moja nilivuka nayo mimi Ziwa Tanganyika.

Niliondoka mwaka 2017, nikafikia kwa ndugu wa mama yangu Ujiji. Kigoma ilinipokea vizuri, na lugha ilinirahisishia kila kitu. Lakini nisingependa msomaji afikiri kwamba ziwa lilikuwa mwisho wa mambo. Novemba 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wakimbizi wa Burundi walivyochukuliwa katika mkoa huohuo na polisi na maofisa wa usalama wa Tanzania, wakateswa, na baadhi yao wakakabidhiwa kwa serikali ya nchi waliyoikimbia. Nilipoisoma taarifa ile nilizitambua dalili zote, hadi gari. Na sasa ninapowasikia Watanzania wenzetu wakisema kuhusu ndugu zao "amechukuliwa na watu wasiojulikana," nasikia sauti ya wazee wetu ya jioni ile, kwamba tusipige kelele.

Nkurunziza alifariki Juni 2020, Évariste Ndayishimiye akashika nchi, na baadhi ya jamaa zetu wamerejea. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliidhinisha uchunguzi kuhusu Burundi Oktoba 2017, siku mbili kabla ya nchi kujitoa rasmi katika mkataba wake, na uchunguzi huo haujawapa familia kama yetu mtu wa kumwuliza swali ana kwa ana. Watetezi wa haki walianzisha kampeni waliyoiita Ndondeza, ombi la Kirundi la kusaidiwa kumtafuta mtu, na humo majina ya waliotoweka yanakusanywa moja moja. Daftari la dada limekwisha kunakiliwa na mwanasheria.

Dada hakutaka kuhama. Anaishi Buyenzi bado, katika nyumba ileile, na amekuwa mtu wa kupigiwa simu. Anayepiga huwa ni mke au mama, mara nyingi ameambiwa namba yake kwa kunong'onezwa, na mara nyingi bado yuko katika zile siku za mwanzo. Dada hampi pole kwanza. Humwuliza alichukuliwa saa ngapi, amevaa nini, nani aliona, kisha humwomba ayaandike yote wakati bado wako kwenye simu, hata kama ni nyuma ya risiti. Humwambia apeleke chakula, ila asiamini hotipoti tupu mpaka apate mtu aliyetoka ndani. Humwambia kwamba atapigiwa simu jioni na mtu mwenye sauti ya upole, na kwamba kabla ya kutuma hata faranga moja amtafutie swali ambalo jibu lake analijua mumewe peke yake, na asimsaidie kulijibu. Kisha humpa namba ya mwanasheria na ya mtu wa shirika moja lililoko nje ya nchi, akamhimiza azipige zote mbili kabla ya magharibi, bila kungoja kikao cha wazee.